Picha Inakwenda kwa Nani?

Mwezi Mei 1994 watu wa mkoa wetu wa Kagera waliacha kula samaki. Hawakungoja tangazo la serikali. Mto Kagera ulikuwa ukishusha maiti kutoka Rwanda, usiku na mchana, mpaka Ziwa Victoria, na wavuvi wa upande wa Uganda, pale Kasensero na vijiji jirani, walikuwa wakiwaopoa na kuwazika. Makaburi ya pamoja ya ufuko ule yana watu zaidi ya 10,000. Sokoni Bukoba sangara alikosa mnunuzi. Kina mama waliozoea kugombea ndoo za dagaa alfajiri walikaa kwenye meza zao mpaka jua la utosi, kisha wakaondoka na walichokuja nacho. Habari ya mauaji ya kimbari ilituingilia jikoni kabla hatujaona picha hata moja.

Naanzia hapo kwa sababu mjadala wa picha za vita, kila ninapoalikwa kuuchangia, huanzia kwingine. Huanza na swali: tuoneshe au tusioneshe? Damu imezidi au inavumilika? Ni maswali halali, nami nitayafikia. Lakini mauaji makubwa kuliko yote yaliyotokea karibu na kwetu katika uhai wangu, watu wapatao 800,000 katika muda wa siku mia moja hivi, yalifanyika karibu bila kamera. Picha zilikuja baadaye, kwa maelfu, na zilikuwa za jambo jingine. Kila moja ilikuwa ya kweli. Zote kwa pamoja zilidanganya. Kwa miaka yote niliyofanya kazi ya habari nimekuwa nikijaribu kueleza jambo hilo liliwezekanaje.

Wakati huo nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi wilayani Ngara. Sisi Wahangaza tunasikilizana na Wanyarwanda na Warundi bila shida, maana lugha zetu ni ndugu wa tumbo moja. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia kwetu. UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, walisema hawajawahi kuona wakimbizi wengi kiasi hicho wakivuka mpaka kwa kasi ile. Kambi iliwekwa Benaco, mahali palipoitwa kwa jina la kampuni ya Kiitaliano iliyokuwa ikijenga barabara, na muda si muda ndege ndogo zikaanza kushusha waandishi wa habari. Mwalimu mwenye Kiingereza cha kueleweka hakukaa bila kazi. Mwalimu mkuu alinipa ruhusa, nikawa mkalimani.

Mwandishi wa redio humtegemea mkalimani kwa kila sentensi. Mpiga picha humhitaji kwa mambo mawili tu: kumfikisha mahali, na kumwambia mtu afanye nini. "Mwambie aendelee na anachofanya." "Mwambie asinitazame." Maneno hayo ya pili niliyasema mara nyingi kuliko mengine yoyote msimu ule. Mtu anapotazama pembeni, anayelishika gazeti hukaa kwa raha. Anaona mateso bila mwenye mateso kumwona yeye. Nilikuja kulielewa hilo baadaye, nilipokuwa mezani nikichagua picha mwenyewe. Kambini niliona tu kwamba agizo lile lilikuwa gumu kutekelezwa, kwa sababu watu walitaka kutazama.

Namkumbuka mama mmoja aliyekuwa amepakata mtoto mwenye homa chini ya turubai la bluu. Alikuwa amefagia kipande chake cha ardhi. Mafiga matatu, sufuria moja, dengu zikichemka. Alipoiona kamera alivuta kitenge chake kikakaa sawa mabegani, akamfuta mtoto makamasi kwa pindo, akainua uso akaikabili lenzi. Mpiga picha alishusha kamera akangoja mama amsahau. Hakumsahau. Akanigeukia mimi, kwa lugha yetu, akauliza, "Hiyo picha inakwenda kwa nani, mwanangu?"

Nikamtafsiria mwenye kamera. Akajibu kwa uungwana kwamba inakwenda kwenye magazeti ya Ulaya. Mama akauliza kama magazeti hayo hufika Kampala. Alikuwa na kaka yake huko. "Basi aandike jina langu na la baba yangu na la kilima chetu," akasema, "kaka akiiona ajue nimevuka." Mpiga picha alitikisa kichwa kukubali, akaandika namba ya mkanda na tarehe kwenye daftari lake. Miezi kadhaa baadaye niliikuta picha ile kwenye jarida, mezani kwa shirika moja la misaada. Mama ametazama chini, mtoto ana makamasi puani. Ilipigwa baadaye kidogo, alipokuwa amechoka kungoja. Chini yake yameandikwa maneno machache: mkimbizi wa Rwanda na mtoto wake, Benaco, Tanzania.

Ilikuwa picha nzuri. Mwanga wake, mikono ya mama, mpangilio wake, vyote vilikuwa vya mtu anayeijua kazi yake. Na yule mama alikuwa ameielewa kazi ya picha kuliko sisi sote tuliosimama pale. Kwake ilikuwa barua. Alitoa uso wake kama malipo ya kufikisha ujumbe, uso ukachukuliwa, ujumbe ukaachwa chini ya turubai.

Kambi ile ilipangwa kikomuni, yaani kufuata maeneo ya utawala ya Rwanda, kama watu walivyokaa kwao, chini ya viongozi wale wale wa kwao. Wagawaji wa chakula waliona ni rahisi: mtu mmoja ana orodha ya kaya, anajua nani ana watoto wangapi, anapanga foleni. Kupiga picha ya mgao ilibidi uombe ruhusa kwa mtu wa orodha. Mmoja wao alikuwa na shati safi jeupe, kalamu mfukoni, sauti ya kiofisi. Alitukaribisha vizuri. Tulipokuwa tukiondoka, bibi mmoja aliyebeba kuni alipita karibu yangu akasema bila kunitazama, "Muulizeni huyo habari za kanisani." Hakusimama. Nikamweleza mpiga picha. Nadhani aliniamini. Akafikiri kidogo, akasema, "Hilo siwezi kulipiga picha."

Alisema kweli. Kamera haikumbuki. Ilichukua lililokuwa mbele yake mchana ule: gunia la mahindi, mstari mrefu wa watu wenye njaa, na bwana mwenye shati safi akiwahudumia watu wake.

Ng'ambo ya daraja, kwenye kanisa la Nyarubuye, maelfu ya watu walikuwa wameuawa katikati ya Aprili. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa kiongozi wa komuni ya Rusumo, alivuka na watu wake akakaa Benaco, akiwa bado kiongozi. Fergal Keane wa BBC alifika Nyarubuye, akaziona maiti zilipoangukia, kisha akaja kambini na kamera akamhoji mwenyewe uso kwa uso. Huo ndio uandishi ninaouheshimu mpaka leo, kwa kuwa uliunganisha vitu viwili ambavyo picha za kila siku zilivitenganisha: kanisa na mtu. Gacumbitsi alikamatwa Kigoma mwaka 2001, akafikishwa Arusha mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, akahukumiwa miaka 30 mwaka 2004, na rufaa ikakipandisha kifungo kuwa cha maisha mwaka 2006. Mwingine, Jean-Baptiste Gatete, wafanyakazi wa misaada walitaka aondolewe Benaco Juni 1994. Maelfu ya wakimbizi wakawazingira kumtetea, na mashirika yakalazimika kuwatoa watu wao kambini. Naye alihukumiwa Arusha miaka mingi baadaye.

Sasa zichukue picha za mgao wa chakula Benaco uzitandaze mezani. Hakuna hata moja iliyoghushiwa. Njaa ni ya kweli, watoto ni wa kweli, na wengi wa waliokuwa mle hawakuua mtu. Lakini mtazamaji wa mbali, aliyekuwa hajaona picha ya Nyarubuye, alijifunza kutoka kwenye picha hizo kwamba Wanyarwanda ni watu waliopatwa na balaa, kama mafuriko au ukame. Aliyefanya balaa hiyo alikuwa ndani ya fremu, amesimama katikati, na hakuna aliyemwonesha.

Kisha ikaja Goma. Julai 1994 watu wapatao 850,000 waliingia Zaire ndani ya siku chache, kipindupindu kikawapiga, na kwa mwezi mmoja walikufa watu wanaokadiriwa kufikia 50,000. Ardhi ya huko ni mawe ya volkano, jembe haliingii. Maiti zilipangwa kandokando ya barabara zikiwa zimeviringishwa kwenye mikeka, na wanajeshi wa Kifaransa wakazizika kwa tingatinga. Picha hizo zilizunguka dunia nzima kwa namna ambayo picha za Aprili na Mei hazikuzunguka, kwa kuwa Goma palikuwa na uwanja wa ndege, waandishi wangeweza kufika, na hakuna aliyewasimamisha kwenye kizuizi na kuwadai kitambulisho. Fedha zikamiminika, na sehemu ya msaada ikaishia mikononi mwa walewale waliopanga mauaji. Tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka kwenye kambi za Zaire mwezi Novemba, na za Tanzania mwezi uliofuata, likisema haliwezi kuendelea kuwalisha wauaji. Huo ulikuwa uamuzi mzito, na sijui mtu aliyekuwa Ngara wakati ule ambaye hakubishana juu yake. Mimi nilikuwa upande wa waliobaki, kwa ajili ya watoto. Lakini niliielewa hasira yao.

Kuna waliosema baada ya Goma kwamba kosa ni la wapiga picha, kwamba walikimbilia maiti kama tai. Sikubaliani nao. Bila wao wale waliokufa kwa kipindupindu wangezikwa bila dunia kujua, na wengine wengi wangewafuata. Upungufu ulikuwa kwenye maneno ya chini ya picha, na kwa wahariri waliokuwa Nairobi, Paris na New York wakipokea mikanda hiyo na kuipa mistari miwili. Ni nani huyu? Alikuwa wapi mwezi Aprili? Anamwogopa nani? Kwa mistari mitatu zaidi picha ileile ingesema jambo jingine.

Kuhusu maiti zenyewe nina la kusema pia, na hili nililipata kwa mzee wa kwetu. Chini ya maporomoko ya Rusumo kuna mahali maji huzunguka, na baadhi ya miili ilikwama hapo. Daraja liko juu. Ukisimama unaona kila kitu. Wapiga picha walijipanga kwenye ukingo. Mzee huyo, mkulima wa migomba ambaye hakuwa na cheo chochote, alikuwa akishuka kila siku na vijana wawili, wanavuta waliofika ufukweni, wanawafunika kwa majani ya mgomba, kisha wanawazika. Siku moja mpiga picha aliomba, kupitia kwangu, waache kufunika kwa dakika moja tu. Mzee hakukasirika. Alisema, "Mwambie apige. Watu wajue. Lakini uso asiuchukue, huyu ana watoto mahali." Akashika jani akaliweka usoni kwa marehemu, akarudi nyuma hatua mbili. Picha ikapigwa hivyo, na jani usoni. Ni picha ya kutisha kuliko zote nilizoshuhudia zikipigwa. Kila anayeitazama anajua kwamba kuna mtu aliyelala pale, na kwamba kuna mtu mwingine aliyemjali.

Mwafaka wa mzee yule na mpiga picha ulipatikana pale mtoni kwa muda usiozidi wa kubadilisha mkanda, na mpaka leo sijapata kanuni ya chumba cha habari inayoushinda. Ushahidi usifichwe. Marehemu asitiriwe. Hayo mawili watu huyashindanisha kwenye semina kana kwamba moja lazima lishinde.

Nizungumzie sasa picha ambazo hakuna jarida lililozitamani. Katika kambi za Goma, Msalaba Mwekundu na Unicef walipiga picha za watoto waliopotezana na wazazi wao, maelfu kwa maelfu. Mtoto mmoja, uso mmoja, namba kifuani, macho kwenye lenzi. Mandhari hakuna, mwanga wa kuvutia hakuna. Zilibandikwa kwenye mbao, na watu wakawa wanapita mbele yake taratibu, mstari baada ya mstari, wakitafuta. Kuna watoto waliorudishwa kwa mama zao hivyo. Kila nikizifikiria picha zile namkumbuka yule mama wa Benaco, maana hicho ndicho alichokuwa akiomba: picha iende kwa mtu anayemtafuta.

Mwaka uliofuata niliacha ualimu, nikajiunga na gazeti Mwanza, na kazi ikanipeleka Arusha mara kwa mara. Mahakama ile, iliyoundwa na Baraza la Usalama Novemba 1994, ilikaa kwenye jengo la mikutano la kimataifa, na sisi waandishi tulikaa nyuma ya kioo na vifaa vya kusikilizia masikioni. Ndipo nilipojifunza maana ya picha inapoulizwa maswali. Mpiga picha wa video Nick Hughes, Mwingereza, alikuwa Kigali Aprili 1994. Akiwa juu ya jengo la shule ya Kifaransa, kwa lenzi ya mbali, alirekodi barabara upande wa pili wa bonde: watu wamepiga magoti katikati ya maiti, mwanamke amenyoosha mikono akiomba, magari yanapita, kisha wauaji wanarudi. Ni miongoni mwa rekodi chache mno za mauaji yenyewe yakitendeka. Hughes alikuja Arusha kutoa ushahidi katika kesi ya Georges Rutaganda, makamu wa pili wa rais wa wanamgambo wa Interahamwe, aliyehukumiwa kifungo cha maisha Desemba 1999.

Mahakamani mkanda hauoneshwi tu. Anaulizwa aliyeushika: ulisimama wapi? Saa ngapi? Umbali gani? Ulianza kurekodi lini na ukakata lini, na kwa nini ukakata? Mawakili wa utetezi walikuwa na haki ya kuuliza hayo yote. Nilikuwa nimeshaona picha nyingi za vita, lakini sikuwahi kuona watu wazima wakizikalisha kitako namna ile na kuzitaka zijieleze. Nadhani kila chumba cha habari kingepaswa kuwa na nusu ya ukali ule.

Hughes mwenyewe hakuishia hapo. Miaka mingi baadaye alirudi kwenye mtaa uleule na mkanda wake akawaonesha wakazi, na filamu iliyotokana na safari hiyo, "Iseta", ilitoka mwaka 2008. Majirani waliwatambua waliouawa, na waliwatambua waliokuwa wakiua. Watu ambao kwa zaidi ya muongo mmoja walikuwa wametazamwa na dunia kama vivuli vya mbali barabarani walirudishiwa majina yao na watu waliowajua.

Wapo waliochagua njia tofauti kabisa. Msanii wa Chile, Alfredo Jaar, alikwenda Rwanda Agosti 1994, akapiga picha maelfu, kisha mwaka 1995 akazifungia baadhi ya picha hizo ndani ya masanduku meusi na kuandika juu ya kila sanduku maelezo ya kilichomo. Mtazamaji anasoma, haoni. Kazi hiyo inaitwa "Real Pictures", na nimeifikiria sana. Naiheshimu kwa sababu imetoa nafasi yote kwa maneno ambayo magazeti yaliyanyima. Lakini nisingependa picha zote za vita zifungiwe. Mkanda wa Hughes ungekuwa ndani ya sanduku, Rutaganda angekuwa na shahidi mmoja pungufu dhidi yake.

Murambi, kusini mwa Rwanda, maiti hazikufungiwa. Ilikuwa shule ya ufundi ambayo ujenzi wake haujakamilika. Maelfu ya watu waliambiwa wakimbilie huko, wakauawa tarehe 21 Aprili 1994. Mamia ya miili ilifukuliwa ikahifadhiwa kwa chokaa, ikalazwa kwenye vyumba vya madarasa. Nilitembezwa na mtu aliyepoteza ndugu zake pale. Kamera huachwa nje. Unaingia, harufu ya chokaa inakukaba kooni, unaona mkono uliofunika uso na vidole vyake vyote bado vipo. Wapo manusura wanaotaka miili hiyo izikwe, na wapo wanaosema ikizikwa wakanushaji watapata nguvu. Mimi si mwenye msiba na sina kura katika hilo. Ninachoweza kusema ni kwamba Murambi inamtaka mtazamaji aje kwa miguu yake, asimame, na mwenyeji awe pembeni yake. Hakuna anayeweza kuipitia kitandani kwa kidole.

Jumba la kumbukumbu la Gisozi mjini Kigali, lililofunguliwa mwaka 2004 mahali walipozikwa watu zaidi ya 250,000, lilinishika kwa namna nyingine. Kuna chumba kimejaa picha zilizoletwa na familia. Harusi. Kipaimara. Vijana wanne studio, mbele ya pazia lililochorwa maua, mmoja amevaa miwani ya jua ya kuazima, imemzidi uso. Katika sehemu ya watoto kuna picha ya kila mtoto na maelezo mafupi: alipenda chakula gani, rafiki yake alikuwa nani. Murambi nilitoka haraka kwa kuwa mwili wangu ulikataa kuendelea. Gisozi nilikaa mpaka wahudumu wakaanza kufunga milango. Picha ya nyumba iliyobomolewa hainiambii chochote kama sijui nani alikuwa akipika humo, na nusu ya uharibifu wa vita haiwezi kupigwa picha kwa sababu kilichoharibiwa hakipo tena. Picha za harusi zinakionesha.

Leo hakuna anayengoja ndege ndogo. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, simu yangu ililia usiku kucha. Ninaishi mtaa mmoja na mama wa Kikongo anayeuza vitenge, mtu wa Goma, na Kiswahili chake ni kile cha huko, cha kuimba kidogo. Alfajiri alinigongea mlango. Alikuwa ameona kwenye kundi la wafanyabiashara wenzake video ya mtaro wa barabarani, miili kadhaa, na mmoja alikuwa na fulana ya njano aliyomnunulia mdogo wake Kariakoo. Aliirudisha video nyuma, akaisimamisha, akaikuza. Alikuwa amefanya hivyo tangu saa tisa usiku. Aliyeituma alikuwa ameandika maneno mawili, "Dunia imeisha," na alama za machozi. Hakujua ni mtaa gani, hakujua nani alirekodi, naye aliletewa. Familia ya Goma ilipatikana kwa simu siku mbili baadaye, mtandao uliporudi, na ilikuwa kweli.

Sidhani aliyetuma alikuwa na nia mbaya. Alihuzunika, akataka wengine wahuzunike naye. Lakini mtu huyo wa fulana ya njano alipita kwenye mikono ya maelfu ya watu kabla ya kumfikia dada yake, na hakuna hata mmoja kati yao aliyefikiri kwamba ana dada. Wiki hiyohiyo nilipokea picha nyingine za "Goma" ambazo majengo yake hayakuwa ya Goma wala ya Afrika. Watu waliowapoteza jamaa huko kweli walilazimika kuzipekua zote, za kweli na za uongo, wakitafuta nguo wanayoifahamu.

Katika kundi letu la ukoo huwa nauliza: ni wapi, lini, nani alirekodi, na huyu aliyelala ni nani? Kama hakuna mwenye jibu, naomba ifutwe. Mwanzoni vijana walinuna. Mpwa wangu mmoja alinijibu, "Anko, ukitaka zifutwe zote, unawasaidia wauaji kujificha." Ni hoja ya haki na nilimjibu kwa uzito wake. Mwaka 2018 ilisambaa video ya wanajeshi wakiwaua wanawake wawili na watoto wawili kaskazini mwa Kamerun. Serikali ya huko ilikana. Waandishi wa BBC Africa Eye waliichukua, wakalinganisha mstari wa milima na picha za setilaiti, wakapima vivuli, wakapata kijiji, wakapata muda, wakafikia majina ya wanajeshi. Mwaka 2020 mahakama ya kijeshi iliwafunga wanajeshi kadhaa. Mpwa wangu anasema kweli kwamba video ile isingekuwepo, wasingefungwa. Nami nikamwonesha kwamba waandishi wale waliifanyia kazi kwa wiki nyingi, wakati watu walioisambaza waliitazama kwa nukta chache. Oktoba 2025 wapiganaji wa RSF walipoiteka El Fasher, nchini Sudan, walijirekodi wenyewe wakiua watu wasio na silaha. Walirekodi ili waonekane. Anayeituma video hiyo bila kuihoji anamfikishia muuaji ujumbe wake. Anayeihifadhi na kumpelekea mchunguzi anamgeuzia.

Tulibishana mpaka chai ikapoa, naye bado hajakubali yote.

Siku hizi ninafundisha waandishi chipukizi. Mmoja wao, binti jasiri wa Bukavu, alirudi kutoka mpakani Rubavu, upande wa Rwanda, Februari 2025 na picha mbili alizotaka tuzipeleke gazetini. Ya kwanza ilikuwa ya mtoto aliyekufa kwa bomu, uso wazi. Ya pili ilikuwa ya mwanamke amesimama mbele ya mabati yaliyotobolewa na risasi, amebeba cherehani kichwani, anaitazama kamera moja kwa moja. Binti alitaka ya kwanza. "Mwalimu, hiyo ya pili haioneshi vita," aliniambia. Nikamuuliza alizungumza na mama wa cherehani muda gani. Akafungua daftari. Ukurasa mzima: jina, mtaa, duka lake la ushonaji lilianza mwaka gani, sare za shule zilizoungua zikiwa hazijafika kwa wenyewe, nani alirusha kombora kwa kadiri ya majirani walivyoona, na namba ya simu ya mwanawe aliye Dodoma ambaye aliomba atumiwe gazeti. Kuhusu mtoto, alikuwa na saa na mahali tu, wazazi hakuwapata.

Tulichapisha ya cherehani, na tukaiandikia maelezo ya mistari tisa, msanifu wa kurasa akalalamika. Ile ya mtoto tuliiweka kwenye hifadhi ya ofisi ikiwa na tarehe, saa, mahali na jina la aliyeipiga, haijapunguzwa wala kukatwa, na nakala tukampa mwanasheria anayekusanya ushahidi wa Goma. Binti ameshaniambia kwamba angali anaona nilikosea, na anarudi huko mwezi ujao kuwatafuta wazazi.